Ganzi Ikitoka Miguuni Ikaingia Ndani: Mazungumzo Kuhusu Neva Zinazojiendesha

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu ni huku huku kwetu Kitui na Makueni.

Leo nazungumza zaidi na akina mama na wote wanaomtunza mgonjwa nyumbani. Wewe binti unayemtunza mwaitu. Wewe mkaza mwana unayempikia susu. Wewe mke unayemkumbusha mume wako dawa kila jioni. Ninyi ndio mnaolala karibu na mgonjwa, na mambo tutakayotaja leo huonekana zaidi nyumbani usiku kuliko kliniki mchana.

Sote tumewahi kusikia mtu mwenye kisukari akisema, "Miguu yangu imekufa ganzi." Mwingine husema ni kama siafu wanatembea kwenye nyayo, au kama anachomwa na sindano, au kama anakanyaga pamba. Hilo wengi tunalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba uharibifu ule ule ulioingia miguuni unaweza kuingia moyoni, tumboni, kwenye kibofu cha mkojo na kwenye jasho. Hapo mgonjwa huanza kuanguka, kutapika, kujikojolea au kuzimia, na watu wa nyumbani hudhani ni uzee, ni vidonda vya tumbo, ni uvivu, au hata ni kulogwa. Tuelezane vizuri.

NEVA NI NINI?

Neva ni kama nyaya za stima zinazopeleka habari mwilini. Ziko za aina tatu. Aina ya kwanza ni za kuhisi. Ukikanyaga mwiba, hizo ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo, nawe unasema "Ui!" Aina ya pili ni za kusogeza misuli. Ukitaka kuinua mtungi wa maji, hizo ndizo zinazoamuru mkono.

Aina ya tatu ndiyo somo letu la leo, nazo ni neva zinazojiendesha zenyewe. Hakuna anayeuambia moyo upige haraka anapopanda kilima. Hakuna anayeliambia tumbo lisukume chakula, wala ngozi itoe jasho jua linapowaka kule Kibwezi au Mutomo. Unaposimama, damu hutaka kushuka miguuni kama maji yanavyoshuka chini, lakini neva hizi hukaza mishipa ya damu mara moja ili damu iendelee kufika kichwani. Zinafanya kazi usiku na mchana bila kukuuliza, na ndiyo maana hatuzikumbuki mpaka zimeharibika.

KWA NINI ZINAHARIBIKA?

Sababu kubwa ni kisukari. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, inaharibu neva zenyewe pamoja na vijishipa vidogo vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu huumia kwanza. Ile inayofika kwenye kidole gumba cha mguu inatoka mgongoni, urefu wa karibu mita moja kwa mtu mzima. Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni na kupanda kama soksi. Katika neva zinazojiendesha pia, iliyo ndefu kuliko zote hutoka kichwani, ikapita shingoni, ikafika moyoni na tumboni. Nayo huumia mapema.

Kisukari si sababu ya pekee. Pombe nyingi huharibu neva. Ukosefu wa vitamini B12 huziharibu, na watu waliomeza metformini kwa miaka mingi wanaweza kupungukiwa na vitamini hiyo. Ukoma huziharibu. Virusi vya Ukimwi vyenyewe huziharibu, na baadhi ya dawa pia. Wale walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi miaka ya 2000 watakumbuka dawa iliyoitwa stavudini. Iliokoa maisha ya wengi, lakini iliwaachia wengine miguu inayowaka moto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache, na leo dawa zinazotumika Kenya ni nyingine. Hata hivyo, wako waliobaki na ganzi ile mpaka sasa. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi nayo inaweza kuleta ganzi, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Ukiona mgonjwa wako anaacha vile vidonge vidogo vya vitamini kwa kudhani havina kazi, mwambie vina kazi.

Sasa twende kwenye dalili, moja baada ya nyingine, na kila moja tuseme la kufanya.

KIZUNGUZUNGU ANAPOSIMAMA

Mgonjwa anaamka alfajiri kwenda chooni. Anasimama ghafla, macho yanaingia giza, magoti yanalegea, anaanguka. Akilala chini kidogo, anapata nafuu. Wengine hawaanguki, lakini husema mabega na shingo vinauma wakisimama, au miguu ni mizito.

Hapa neva zimeshindwa kukaza mishipa ya damu, na presha imeshuka aliposimama. Kipimo chake ni rahisi. Mgonjwa hulala kama dakika 5, anapimwa presha, kisha anasimama na kupimwa tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ile ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, neva za presha zinaweza kuwa na shida. Upungufu wa maji mwilini na baadhi ya dawa pia huleta hali hiyo. Mgonjwa akipimwa ameketi tu, shida hii haionekani. Kwa hiyo mwambie muuguzi, "Mama yangu anapata kizunguzungu akisimama, tafadhali mpime akiwa amelala na akiwa amesimama."

Nyumbani fanya hivi. Ainuke kwa hatua: kwanza aketi kitandani, achezeshe vidole vya miguu na vifundo, ahesabu polepole mpaka 30, ndipo asimame akishika kitu. Usiku awe na ndoo ya haja ndogo karibu na kitanda na tochi mkononi, asitoke nje peke yake gizani. Chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, weka tofali ili kichwa kiwe juu kidogo. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amempimia maji kwa sababu ya moyo au figo. Asioge maji ya moto sana. Akiwa kanisani, matangani au kwenye foleni, asione haya kuomba kiti. Akianguka kwa kizunguzungu, mlaze chali na umwinue miguu, usimsimamishe kwa nguvu.

Na dawa je? Baadhi ya dawa za presha, za kukojoa maji mengi na za tezi ya kiume huongeza kizunguzungu hiki. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako. Zibebe zote kwenye mfuko, hata zile za duka na za miti shamba, uzipeleke kliniki ziangaliwe. Wala usimwongezee chumvi kwa sababu umesikia chumvi hupandisha presha, maana mtu huyo huyo anaweza kuwa na presha ya juu anapolala.

MOYO USIOLIA

Neva za moyo zikiumia, mapigo huenda mbio hata mtu akiwa ameketi. Mapigo zaidi ya 100 kwa dakika kwa mtu aliyepumzika, asiye na homa, yanahitaji kuchunguzwa.

Kubwa zaidi ni hili: neva zilizokufa hazipeleki habari ya maumivu. Sote tunajua kwamba mshtuko wa moyo huuma kifuani. Lakini mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi anaweza kuupata bila kuumwa kifua hata kidogo. Utaona tu amechoka ghafla, anahema, anatoka jasho baridi, ana kichefuchefu. Mambo hayo yakija ghafla, usimpe maji ya tangawizi ukangoja asubuhi. Ikiwa ni usiku, tafuteni gari usiku huo huo mumpeleke hospitali.

TUMBO LINALOCHELEWA

Mgonjwa anakula vijiko vichache anashiba. Tumbo linajaa, anacheua, na wakati mwingine anatapika chakula alichokula saa nyingi zilizopita kikiwa bado kinatambulika. Hapa neva za tumbo zimelegea na chakula hakisukumwi kwenda mbele. Kwa anayetumia insulini kuna hatari. Amejidunga, insulini imeanza kazi, lakini chakula bado kimekaa tumboni. Sukari inashuka. Baadaye chakula kinapita chote, na sukari inapanda. Watu wa nyumbani husema, "Susu anakula sukari kwa siri," na kumbe susu hajala chochote kwa siri.

Chakula chetu cha muthokoi na isyo ni kizuri, lakini ni kizito kwa tumbo la namna hii. Mpe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku badala ya sahani kubwa mara 2. Ponda, chemsha mpaka kilainike, au mpe uji usio na sukari. Punguza mafuta. Akimaliza akae wima, asilale papo hapo. Akiweza atembee polepole uani, lakini mwenye kizunguzungu akae tu, kwa sababu presha huweza kushuka baada ya kula. Saa ya kudunga insulini asiibadilishe mwenyewe, aulize kliniki. Akitapika siku nzima, hiyo si shida ya nyumbani tena, mpeleke.

Upande wa chini, wengine hufunga choo siku nyingi, na wengine huharisha ghafla usiku. Mweleze muuguzi wazi. Hatushangai, na hatucheki.

MKOJO NA AIBU YAKE

Kibofu kikijaa, neva ndizo hukujulisha. Zikiumia, kibofu hujaa na mwenyewe hana habari. Anakojoa mara chache, mkojo unatoka kwa shida, unabaki mwingine ndani, kisha unavuja wenyewe. Mkojo uliobaki huoza na kuleta maambukizi, na maambukizi yakipanda hufika kwenye figo.

Akina mama wengi wazee hufanya jambo moja kwa sababu ya aibu: wanaacha kunywa maji. Kwa joto letu la Februari na la Oktoba, hiyo ni hatari nyingine juu ya hatari. Msaidie kwa kumpangia saa: aende haja ndogo kila baada ya saa 3 au 4, asubiri kusikia au asisubiri. Akimaliza atulie kidogo, ajaribu tena. Ukiona homa, mkojo wenye harufu kali au wenye damu, au anaumwa kiuno, mpeleke apimwe. Na tafadhali, usimkaripie mbele ya wajukuu. Hakupenda.

JAMBO LINALOVUNJA NDOA KIMYA KIMYA

Mama, sehemu hii sikiliza vizuri. Neva zile zile ndizo zinazofanya uume wa mwanamume usimame. Kisukari kikiziharibu, anaweza kumpenda mke wake na bado mwili ukakataa. Wengi hawasemi. Mume huanza kulala sebuleni, au kuchelewa sokoni, au kununua vidonge vya vichochoroni. Mke naye anadhani kuna mwanamke mwingine Wote au Emali. Wengine huacha dawa za kisukari wakidhani ndizo zilizowamaliza, na sukari inapopanda, neva huharibika zaidi.

Kuna matibabu, lakini yanahitaji daktari apime kwanza moyo na presha, kwa sababu vidonge hivyo havichanganyiki na baadhi ya dawa za moyo. Mnaweza kwenda pamoja. Akina mama nao wanaweza kupata ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Hilo pia lina msaada, ukilisema.

JASHO, JOTO NA MIGUU

Neva za jasho zikiumia, miguu hukauka na kupasuka kwa sababu haitoi jasho, huku kichwa, uso na kifua vikilowa jasho jingi, hata wakati wa kula tu. Mtu asiyetoa jasho vizuri mwilini hawezi kujipoza. Usimwache aanike ndengu juani mchana kutwa au atembee mbali kuchota maji saa saba. Kazi za shamba zifanyike asubuhi na jioni.

Ngozi iliyopasuka ni mlango wa vidonda. Kila jioni mwoshe miguu kwa maji ya vuguvugu. Pima maji hayo wewe kwa kiwiko chako, kwa sababu yeye anaweza kuungua asijue. Mkaushe katikati ya vidole, mpake mafuta juu na chini ya mguu, lakini si katikati ya vidole. Angalia nyayo kwa tochi. Asitembee peku hata uani. Kabla ya kuvaa viatu au akala, mwonyeshe kupitisha mkono ndani kutafuta mwiba au kijiwe. Na asiote moto miguu siku za baridi za Julai.

SUKARI INAPOSHUKA BILA KENGELE

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kumwua mtu usiku mmoja. Kwa kawaida sukari ikishuka chini ya 4, mwili hupiga kengele: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa. Kengele hiyo kwa sehemu kubwa hupigwa na neva zinazojiendesha. Zikiharibika, kengele hailii. Mgonjwa anatoka kwenye uzima na kuingia kwenye kuchanganyikiwa bila onyo.

Hapo wewe ndiwe kengele yake. Angalia kama anaongea maneno yasiyoeleweka, anakasirika bila sababu, anatembea kama mlevi, au analala usingizi usio wa kawaida. Wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi ndio walio hatarini zaidi. Ukiona hayo na huna kipimo, mtibu kama sukari imeshuka.

Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo 3 vilivyojaa vya sukari katika nusu kikombe cha maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida yenye sukari. Ngoja dakika 15. Kama bado, rudia. Kumbuka kwamba mwenye tumbo linalochelewa atachelewa pia kupata nafuu, kwa hiyo usimwache peke yake. Akishazinduka vizuri, mpe chakula. Mkate au ndizi peke yake hauharakishi kama maji ya sukari.

Kama amezimia au hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali. Na kila mara sukari inaposhuka, mwambie muuguzi siku ya kliniki, kwa sababu huenda dawa inahitaji kupunguzwa.

Siku ya kliniki yenyewe ina hatari yake. Wengi huondoka saa kumi alfajiri bila kula ili wapimwe sukari ya asubuhi, wanapanda bodaboda, wanafika na kusimama kwenye foleni. Ulizeni mapema kama dawa ya asubuhi imezwe au ingoje. Bebeni sukari kwenye karatasi na chakula kwenye mkebe. Mwambieni muuguzi wa kwanza mnayekutana naye kwamba mgonjwa huzimia.

JE, KUNA VIPIMO?

Viko, na vingine havihitaji mashine kubwa. Katika miaka ya 1970, daktari David Ewing na wenzake wa Edinburgh, Scotland, walitengeneza vipimo vya kando ya kitanda. Kimoja ni cha kupumua. Mgonjwa huvuta na kutoa pumzi polepole, mara 6 kwa dakika moja, huku mapigo ya moyo yakipimwa kwa mashine. Moyo mzima huenda haraka pumzi ikiingia na polepole pumzi ikitoka. Neva zikiumia, moyo hupiga sawa sawa kama saa ya ukutani. Kipimo hicho utaulizia hospitali kubwa. Lakini kile cha presha ya kulala na kusimama kinaweza kufanyika hata zahanati ya kijijini kwako.

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Muulize wa kijiji chenu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu watu wazima 88 kati ya kila 100 nchini Kenya walisema hawajawahi kupimwa sukari. Huenda wewe unayemtunza mwingine ni mmoja wao. Na kama bado hamjajiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, fanyeni hivyo kabla ugonjwa haujawasukuma.

JE, NEVA HUPONA?

Nitasema ukweli. Neva iliyokufa kabisa kwa kisukari mara nyingi hairudi. Lakini uharibifu unaweza kuzuiwa na kucheleweshwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada na kutangazwa mwaka 1993, kwa watu 1,441 wenye kisukari cha kutegemea insulini, ulionyesha kwamba waliosimamia sukari yao vizuri walipunguza hatari ya kupata ugonjwa wa neva kwa karibu asilimia 60. Wenye kisukari cha watu wazima nao husaidika, ingawa si kwa kiwango hicho, nao wanahitaji pia kuangalia presha, uzito, sigara na pombe. Sukari iliyokuwa juu miaka mingi ishushwe taratibu kwa ushauri wa kliniki.

Kama sababu ni upungufu wa B12, kuna sindano na vidonge, na mapema ndiyo bora. Kama ni pombe, kuiacha husaidia. Kama ni dawa, inaweza kubadilishwa. Ndiyo maana mgonjwa asikubali kuambiwa tu "ni ganzi" bila kutafutwa chanzo. Na kama kuna mtu anayewaambia ni jicho la jirani, muulize kwanza kama jirani huyo alimpima sukari.

MASWALI MANNE YA JIONI HII

Kabla hujalala leo, mketi karibu mgonjwa wako umuulize kwa heshima: Ukisimama, unapata kizunguzungu? Ukila, unashiba upesi au unatapika? Mkojo unakupa habari ukitaka kutoka? Sukari ikishuka, bado unatetemeka na kutoka jasho kama zamani? Andika majibu nyuma ya kadi yake ya kliniki, au mwambie mtoto wa shule aandike. Yakiwepo majibu mabaya hata mawili, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda wiki hii.

Mwisho, mama, nawe ujitunze. Anayeamka mara tatu usiku kumsaidia mgonjwa anahitaji naye kupumzishwa. Pangeni zamu, kaka na dada, wa Nairobi na wa nyumbani. Hata anayetuma pesa anaweza kuja kulala usiku mmoja karibu na susu, aone yale unayoyaona wewe.